Safu Sita za Katikati

Shangazi yangu, Bi Mwatum, aliukata na kuupanga mfarishi ule, tandiko la viraka la mtoto, kwa mkono wake wa kulia, na mwezi mmoja baadaye mkono huo ukapooza. Kazi ya kuushona ikaangukia kwangu. Alinikabidhi foronya iliyojaa safu kumi na mbili za vipande vya kanga, kila safu vipande kumi na viwili, vimeshikizwa kwa mishono mirefu ya bandi ili visitawanyike kabla ya kushonwa sawasawa. Kila safu ilifungwa utepe ulioandikwa namba. Nilifurahi kuziona namba hizo. Nimefundisha hisabati katika skuli moja ya Mtoni kwa miaka ishirini na sita, na kitu kilichopewa namba hunituliza moyo.

Mfarishi ulikuwa wa mjukuu wangu. Binti yangu Shemsa alijifungua mwezi mmoja kabla ya siku zake, na mtoto, Saadiya, alikuja na ngozi nyembamba kama ganda la ndani la kitunguu. Kila alipolazwa juu ya nguo mpya, shavu na shingo vilimwiva kwa wekundu, akalia mpaka sauti ikamkauka. Kanga kuukuu za nyumbani, ambazo ndizo zinazopokea watoto wetu, Shangazi alikuwa ameshazikata zote. Tukaazima ya jirani. Ilikunjamana ikamwacha mtoto juu ya godoro. Kwa hiyo Shemsa alimlaza kifuani mwake usiku na mchana, na mwenyewe alikuwa hajapata usingizi wa maana tangu siku ya kujifungua.

"Mama, mfarishi wa Bibi lini?" aliniuliza kwa simu kila siku.

Nikamwahidi siku ya arobaini.

Ilikuwa likizo. Kila asubuhi nilipanda ngazi za nyumba ya Shangazi, Mkunazini, na kumkuta ameketi kitandani, mkono wake wa kulia umelazwa juu ya mto wake peke yake, kama mgeni aliyechoka.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Umekuja na rula?"

"Nnayo."

"Basi leo tumeokoka."

Kwa siku tano nilishona safu za juu na za chini, mishono midogo iliyolingana, na yeye akinisimulia habari za watu waliokwisha kufa kana kwamba wamepita barazani asubuhi ile. Siku ya sita alichukuliwa kwenda kwa Shemsa, Kiembe Samaki, kukaa na mtoto siku tatu. Mlangoni aligeuka.

"Safu za katikati zishone kama nlivyozipanga," alisema. "Usinisahihishie."

Nilipozifungua safu hizo, ya nne mpaka ya tisa, nilishtuka. Kipande cha rangi ya chai iliyopauka kilikaa kando ya buluu. Nusu ya ua ikatazamana na nusu ya korosho. Wekundu ulikatika bila sababu, ukatokea tena mahali pasipo maana. Sikuona utaratibu wowote. Nilizigeuza, nikazitazama kwa mbali kadiri chumba kile kidogo kilivyoniruhusu, moja baada ya moja, na mwisho nikajiambia jambo lililonitia huzuni: kwamba maradhi yalikuwa yameshamwanza Shangazi kabla sisi hatujajua, na kwamba safu hizi alizipanga mtu ambaye akili yake ilikuwa ikichoka. Haikufaa aje ayaone makosa yake mwenyewe yametandikwa mbele ya wageni.

Nikafumua safu zote sita. Nilichora miraba sabini na miwili kwenye karatasi, nikaipaka rangi, nikapanga wekundu wa kanga mpya katikati, kisha njano, kisha buluu, na vilivyopauka nikavisukuma pembezoni. Nilishona siku tatu mfululizo. Tepe zenye namba nilizitupa pamoja na nyuzi.

Shangazi aliporudi, jirani yake Bi Zeyana alimshika mkono kupanda ngazi. Safu sita zilikuwa zimeungana na kupigwa pasi, zimetandazwa kitandani. Alizitazama.

"Zimesimama kama watoto mstarini asubuhi," alisema.

Nilicheka. Yeye hakucheka. Aliketi ukingoni, akainama taratibu, akaweka shavu lake katikati, palipokuwa na wekundu. Alikaa hivyo mpaka Bi Zeyana akadhani amezidiwa.

"Hapa ndipo mtoto atakapolaza uso?" aliuliza bila kuinuka.

"Naam."

"Kanga hii ya lini?"

"Ya Idi ya mwaka huu."

"Ina dondo bado, wanga wa dukani haujatoka. Njoo na wewe uweke shavu, Mwalimu."

Niliinama. Mkononi kitambaa kile kilikuwa laini tu. Shavuni kilikuwa kikavu, kikakwaruza. Akaniambia nisogee, nikasogea kipande baada ya kipande kuelekea pembezoni, na kila nilipotoka katikati nguo ilizidi kulegea, mpaka nikafika kwenye kile cha rangi ya chai ambacho nilikionea haya. Kilikuwa laini kama unga uliochungwa. Sikuinua kichwa haraka.

"Vikuukuu vyote umevipeleka miguuni," alisema Shangazi.

Mimi mwenyewe nilimpokea Shemsa kwa kanga iliyofuliwa mpaka ikaonyesha upande wa pili. Jambo hilo nalijua tangu sijajua kuandika, na bado nilikaa siku tatu na penseli za rangi.

"Niambie mpango wako," nilisema. "Wewe taja tu, mimi nitaandika."

"Sina cha kutaja. Nlipanga kwa vidole hivi." Akautazama mkono uliolala juu ya mto. "Sasa havisikii hata maji ya moto. Na huu wa kushoto mjinga, haujapata kufanya kazi."

"Na shavu?"

"Shavu linajua kizuri na kibaya. Halijui kipi cha tisa na kipi cha kumi. Na mgongo wangu hauinami mara sabini."

Hakunikemea. Ingekuwa nafuu kama angenikemea. Zilibaki siku kumi na moja, na mpango uliokuwamo mkononi mwake haukuwamo tena mahali popote duniani.

Asubuhi iliyofuata nilizifumua tena safu zile sita. Shangazi aliagiza nifungwe macho kwa mtandio.

"Macho yako yanasema sana," alisema. "Yanyamaze kidogo."

Bi Zeyana, aliyekuja kuazima mbuzi ya kukunia nazi, alinikuta sakafuni katika hali hiyo.

"Leo Mwalimu kawa mwanafunzi," alisema, "na kafungwa macho asiibie mtihani."

"Na anafeli," Shangazi akajibu.

Nilikuwa nikifeli kweli. Siku ya kwanza kila nguo ilikuwa nguo. Siku ya pili nilipata marundo mawili, ngumu na laini, nikadhani nimemaliza, Shangazi akaweka shavu, akasema, "Hapa umechanganya bibi na mjukuu." Nikaanza upya. Siku ya tatu kitu kilianza kufunguka chini ya vidole vyangu, polepole, kama macho yanavyozoea chumba cha giza. Kulikuwa na ulaini wa nguo iliyovaliwa na ulaini wa nguo iliyolaliwa. Kulikuwa na kanga za shamba, zilizofuliwa kwa maji ya kisima yenye chumvi, ambazo hata zikizeeka hubakiwa na ukali mdogo ndani, na kanga za mjini, ambazo hulegea mapema. Nilitambua mahali ambapo uzi umechoka na mahali ambapo uko karibu kuchoka. Kati ya vipande viwili nilivyoviona pacha, kimoja kilikuwa kimetangulia, na sikuweza kueleza kwa nini nina hakika.

Kila jioni Shangazi alikagua safu moja, kwa shavu. "Sawa. Sawa. Huyu mkorofi, mtoe. Sawa." Na kila jioni nilizidi kustaajabu, si kwa yale niliyoyapata mimi, bali kwa kufikiri kwamba yeye aliketi na vipande mia na arobaini na vinne na kukiuliza kila kimoja umri wake, bila karatasi, bila kumwambia mtu, kisha akafunga utepe na kuandika namba kwa ajili yangu, kwa kuwa alijua napenda namba. Maisha yangu yote nimeamini kwamba mpango ni kitu kinachoonekana. Nimewapunguzia watoto alama kwa kukosa kuuonyesha.

"Shangazi, ulijuaje pa kuanzia?" nilimuuliza siku moja, bado nimefungwa macho.

"Sikujua. Nlikishika kimoja, nikakiweka. Cha pili kikakataa kukaa kando yake, kikakaa mbele. Baadaye vyenyewe vikawa vinanambia."

"Na ukikosea?"

"Nnakosea. Wewe unadhani nlifika kwa siku moja? Nlivipangua mara nne. Una bahati, wewe umefumua mara mbili tu."

Usiku wa kuamkia arobaini nilishona pindo la mwisho, pamba ndani, bafta nyeupe chini. Chumba kilikuwa kidogo mno kuutandaza wote. Niliukunja bila kuuona mzima.

Niliuona Kiembe Samaki. Wanawake walikuwa wamejaa ukumbini, harufu ya udi imetanda, na Shemsa akautandika juu ya jamvi kubwa huku mimi nikiwa bado mlangoni navua viatu. Nikasimama na kiatu kimoja mkononi. Kutoka mbali vile, rangi zilizonitia aibu zilikuwa zimetulia. Pembezoni palikuwa na wekundu na weusi mkali wa kanga mpya, na kuelekea katikati kila rangi ilififia hatua kwa hatua, buluu ikawa kama maji, njano ikawa kama maziwa, mpaka katikati palibaki na weupe wa chai uliong'aa kana kwamba taa imewashwa chini ya nguo. Ndio mpangilio niliouhangaikia kwa penseli za rangi, na mzuri kuliko wangu.

Nilimwendea Shangazi kwenye kiti chake, nikamnong'oneza, "Ulijua kwamba rangi zitakaa hivi?"

"Rangi?" Aliutazama mfarishi kwa muda. Nilimwona akishangaa kama mimi. "Mimi wakati nnapanga nlikuwa natazama dirishani."

Shemsa alipiga magoti na kumlaza Saadiya katikati, kifudifudi, shavu juu ya kipande cha rangi ya chai. Ndege ilipita chini juu ya nyumba, madirisha yakatikisika. Mtoto alikunja uso, akaukunjua, akalala. Tulingoja. Shavu halikuiva. Baada ya muda Shemsa, ambaye siku arobaini alikuwa hajautoa mkono wake chini ya mwanawe, aliutoa, akautazama kana kwamba hajui auweke wapi, kisha akajilaza pale pale jamvini, akasinzia mbele ya wageni.

Mtoto usingizini alifumba kiganja, akashika pembe ya kipande. Nilifumba macho, nikanyoosha kidole mpaka kikagusa nguo kando ya ngumi yake. Safu ya sita, kipande cha saba. Nilikijua kabla sijatazama.