Chakula cha Mchana na Ayeeyo Samsam

Muuguzi Kaaha wa kliniki ya baridi yabisi, Garissa, alimpigia simu mgonjwa wake, bibi mmoja wa Balambala aliyemwita ayeeyo, yaani nyanya kwa Kisomali.

"Vidole vinaendeleaje, ayeeyo Samsam?"

"Uvimbe umepungua, alhamdulillahi. Ila kukamua bado siwezi. Wenzangu wamehama na ngamia, wakaniacha."

Kaaha akamkumbusha kupima damu kabla ya kuchukua dawa nyingine. Maswali yakaisha.

"Usikate, binti yangu. Umekula?"

"Bado."

Tangu alipohamishwa kutoka Lafey, Kaaha hakuwa na mtu wa kula naye.

"Mimi pia bado. Lete chakula chako, tule."

Kaaha akawasha spika, akaiweka simu mezani, akafungua wali wake uliopoa, akasema, "Bismillahi." Bibi akaitikia.