Tausi wa Mabua

Ko, ko, ko. Nilisikia kibao cha kuezekea kikigonga mabua kabla sijapinda kona. Moyo ukaniungua. Mkono uliokishika haukuwa wangu.

Nyumba ya langoni ilikuwa mbele yangu: ukuta wake wa udongo wa mviringo, nguzo zake za magogo yenye magome, dirisha la juu likichungulia chini ya paa kama jicho chini ya unyusi. Baba yangu, Hedley, ndiye aliyeliezeka paa lile na kuweka tausi wake wa mabua kileleni. Sasa pale juu alikaa mbweha wa mabua wa Merrick Yelland, mwezekaji mwenzangu. Tausi alikuwa chini, kichwa ndani ya ndoo.

Bibi Tapscott, mwenye nyumba, alikuwa ameninyima kazi. “Mikono yako mizuri, Denzil,” aliniambia, “lakini hasira zako ni moto, na moto na paa la nyasi havikai nyumba moja.”

“Umekuja kukagua au kulia?” Merrick aliuliza huku akishuka ngazi.

“Nimekuja kumwona huyo mbwa wako mgonjwa.”

“Mbweha, bwana! Panda umpapase, hang’ati. Mimi nakwenda kunywa chai.”

Nikapanda kutafuta kasoro. Nikapapasa ukingo, nikapapasa mgongo wa paa kileleni. Kila bua lilikuwa limelala panapostahili. Laiti angekosea hata mahali pamoja! Pale juu ya dirisha, paa linapopinda, nikang’oa kijiti kimoja cha kubania mabua. Nikang’oa cha pili. Mabua yakalegea, nami nikafurahi.

“Merrick, mwanangu,” sauti ya Bibi Tapscott ikatoka dirishani, “hapo hapo ndipo palipokuwa pakinivujia kitandani. Pakaze vizuri.”

Alikuwa akiviona viatu vyangu tu. Nilikishika kibao cha Merrick, nikavirudisha vijiti vyote viwili na kugonga mpaka viganja vikaniwasha.

“Si Merrick, Bibi. Ni Denzil.”

“Unafanya nini juu ya paa langu?”

“Nakaza.”

“Hukuwa unalegeza?”

Chini, Merrick alikuwa amesimama na kikombe mkononi, macho yake kwenye kibao chake.

“Paa zuri,” nikasema, bila kumtazama Merrick. “Lakini mgongo huu utachakaa baada ya miaka kumi na miwili, Bibi.”

“Nitakuwa na miaka tisini na mitatu, mwanangu.”

“Basi usife kwanza. Siku hiyo nitapanda mimi, na tausi wa baba nitamrudisha kwa mikono yangu. Nakuahidi, na Merrick anasikia.”