Mlanguzi Mwenye Adabu

Shaukat hakuwahi kuigiza chochote maishani mwake isipokuwa ugonjwa, na hata huo mkewe Mehrunissa aliugundua kabla hajamaliza kukohoa. Kwa hiyo Riaz, mtoto wa dada yake, alipompigia simu kumwomba awe mtu mbaya katika filamu yake, mzee alivuta kiti akakaa.

"Mbaya wa namna gani?"

"Mlanguzi wa watu, Anko. Anawadanganya wanawake kwamba kuna kazi Kanada. Wakifika anawanyang'anya pasipoti, anawafungia kwenye trela na kuwahamisha mji hadi mji. Nataka mzee anayetisha, tena anayejua Kiswahili."

"Hapo umefika," Shaukat alisema. "Mimi mzaliwa wa Kisumu."

Mehrunissa, aliyekuwa akikaanga bajia, alicheka mpaka akalazimika kuzima jiko. Yeye alikulia Tanga. Tangu waoane alikuwa akimsihi mumewe, wakikutana na Waafrika wenzao hapa Toronto, azungumze Kiingereza tu. "Kiswahili chako kinanuka godauni," alimwambia mara nyingi. Shaukat alidhani ni maringo ya watu wa pwani.

Filamu ilipigwa Malton, jirani na kiwanja cha ndege, kwenye uwanja wa malori nyuma ya maghala, ambako ndege hupita chini kiasi kwamba kila baada ya sentensi mbili waigizaji walinyamaza wakasubiri. Trela lilikuwa la Déogratias, dereva wa Kirundi mwenye mwili mkubwa na sauti ndogo, aliyekubali kuliazimisha kwa sharti kwamba lisipate mkwaruzo hata mmoja. Mkewe Pulchérie, mzaliwa wa Uvira, Kongo, ambaye kazi yake ni kutunza wazee, alikuwa mmoja wa wanawake watakaofungiwa ndani. Wengine aliwaleta mwenyewe kutoka kwaya ya kanisani kwao, kule mtaa wa Dixon.

Kazi ilianza vibaya. Riaz kazaliwa hapahapa, na Kiswahili anachokijua ni majina ya vyakula. Maneno ya filamu aliyaandika kwa Kiingereza, akayapitisha kwenye simu, na simu ikayatafsiri ilivyopenda. Shaukat alisimama mbele ya kamera ndani ya koti jeusi la ngozi, akawanyooshea wanawake kidole, akasoma:

"Funga juu! Ninyi ni shehena yangu!"

"Tufunge juu ya nini?" aliuliza mwanakwaya mmoja, kwa nia njema kabisa.

Wakarudia. Kila waliporudia, Shaukat alizidi kuwa mpole, mithili ya karani wa benki anayemwarifu mteja kwamba dirisha limefungwa. Riaz alishika kichwa. "Tule kwanza," alisema.

Wakati wa chakula Shaukat aliketi juu ya kreti. Aliona birika la chai liko karibu na Déogratias, na moyo wake ukiwa mweupe kabisa, akataka kumwonyesha kwamba naye ni mtu wa kulekule.

"Wewe!" aliita. "Kuja hapa! Lete chai! Sukari mingi! Upesi, wacha kusimama kama mti!"

Uwanja mzima ukanyamaza, na safari hii hapakuwa na ndege. Déogratias, mtu wa kuweza kuinua tairi la lori peke yake, aliruka wima akamwaga chai juu ya viatu. Wanakwaya waliweka sahani zao chini polepole.

"Hiyo!" Riaz alipiga kelele huku akikimbia. "Anko, hiyo sauti! Umeitoa wapi?"

"Sauti gani? Mimi nimeomba chai."

Pulchérie alimshika mkono, akamketisha kwenye ngazi ya lori.

"Papa Shaukat, usikasirike. Weye unasemaka na sisi sawa vile patron anasemaka na boyi yake ya nyumba."

"Mimi?" Shaukat aliumia. "Kiswahili nafundishwa na Odera, mpishi yetu! Napenda yeye sana. Mama yangu iko mgonjwa, Odera nabeba mimi mgongoni."

"Odera alikuwa anakuambia 'kuja hapa, lete chai'?"

Shaukat alifikiri. "Hapana. Yeye nasema, 'Ndiyo, bwana mdogo.'"

"Sasa hiyo 'lete chai' ulisikia kwa nani?"

Ndege ilipita. Shaukat aliliona akilini jiko la Kisumu, baba yake kasimama mlangoni, na Odera akigeuka upesi, kitambaa kingali mkononi. Maisha yake yote alijivunia kwamba anayo lugha ya Odera, kumbe alichokuwa nacho ni maneno ambayo Odera aliambiwa.

"Fundisha mimi," alisema baadaye. "Ile ingine."

Pulchérie akamfundisha palepale: naomba, tafadhali, samahani, poleni, karibuni. Karibu yote Shaukat alikwisha kuyasikia. Hakuwahi tu kuyahitaji. Alikwenda kwa Déogratias akamwomba radhi, na Déogratias, akiwa bado na viatu vilivyolowa, alimmiminia chai, wakainywa pamoja.

Tabu ilikuja waliporudi kwenye kamera.

"Achana na maandishi," Riaz alimwambia. "Sema lolote, ila kwa sauti ileile ya chai. Maneno ya kutisha yatakuwa chini ya picha, kwa Kiingereza."

Shaukat aliwatazama wanawake waliojipanga mlangoni mwa trela, Pulchérie akiwa wa mbele. Kuwatukana hakuweza tena. Lakini sauti alikuwa nayo. Akavuta pumzi, akatoa macho, akanguruma:

"Samahani sana, akina mama! Naombeni muingie, tafadhali! Taratibu! Ngazi inateleza! Wewe mama, angalia kichwa!"

Wanawake walimkodolea macho.

"Poleni kwa usumbufu!" alibweka, akaupiga ubavu wa trela kwa gongo, na nyuma ya kamera Déogratias akaguna kwa uchungu. "Mkiona baridi mseme!"

Pulchérie alijifunika uso kwa mikono, mabega yakaanza kutikisika. Aliyemfuata akamwangukia shingoni. Mara kwaya nzima ilikuwa ikitetemeka na kutoa kwikwi, machozi yakiwatiririka, hadi mlango ukafungwa nyuma yao. Riaz alipangusa macho. "Hata mimi nimeogopa," alisema.

Filamu ikaonyeshwa Jumamosi moja mchana. Upande mmoja wa ukumbi walikaa watu wa jamatkhana, nyumba ya ibada ya akina Shaukat, kutoka Don Mills, upande wa pili majirani wa Dixon na kanisa zima la Pulchérie, na safu za mbele waliketi waalikwa wasiojua neno la Kiswahili. Mambo yalikwenda vizuri mpaka trela lilipotokea. Chini ya picha yakaandikwa maneno ya Kiingereza: ingieni, mbwa nyie, au nitawazika hapahapa. Juu yake ukumbi ukasikia mngurumo: "Naombeni muingie, tafadhali!"

Pande zote mbili zililipuka. Bibi mmoja wa jamatkhana aliangusha miwani. Waalikwa waligeuka kuwatazama kwa hofu watu hawa wanaocheka wenzao wakiteswa, na watoto wakawa wanawavuta wazazi mikono wakiuliza kwa Kiingereza kuna nini. Riaz alididimia kitini.

"Anko, ulisema nini pale?"

"Niliwaambia waangalie kichwa."

Kisha Pulchérie akatokea, peke yake gizani ndani ya trela. Hapo pia Riaz alimwachia aseme lolote, naye alisema habari ya mtoto wa dada yake, aliyeahidiwa kazi ya hoteli nchi ya mbali. Alipofika, binti huyo alituma picha ya kitanda kizuri. Wiki iliyofuata simu yake ilipokelewa na mwanamume, akasema namba hiyo si ya huyo msichana tena. "Tunapigaka kila siku," Pulchérie alisema kwenye skrini. "Siku ingine ule bwana anapokea, anacheka." Hakuna aliyecheka ukumbini.

Watu walipotoka, msichana mwenye skafu ya kijani alimvuta Pulchérie pembeni. Alikuwa mfanyakazi wa nyumbani, alisema. Pasipoti yake inakaa na tajiri wake, na leo ameruhusiwa kutoka kwa sababu alidanganya anakwenda kanisani. Hataki kurudi. Pulchérie alijua nyumba ya akina mama wanaowapokea watu kama yeye, akapiga simu papo hapo.

Shaukat alikwisha kutoa funguo. "Gari yangu iko nje! Karibu, binti!"

Msichana alijificha nyuma ya Pulchérie. "Si na huyu."

"Ni filamu tu, mwanangu," Mehrunissa alimtuliza.

"Najua ni filamu, mama. Lakini si na huyu."

Mehrunissa alimpokonya mumewe funguo. Wanawake watatu wakaondoka na gari, na Shaukat, ndani ya koti lake lilelile la ngozi, akaenda kusubiri basi kwenye upepo.

Jioni Mehrunissa alirudi, akavua viatu. Msichana amekula, alisema, na amelala. Jumatatu wakili ataifuata pasipoti.

"Kaniuliza kama wewe ni mtu mwema," aliongeza.

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia anipe muda nifikiri."