Bwana Giza wa Mji wa Calder

Kaz Dombek alikuwa fundi wa umeme wa kampuni ya mji wa Calder, mtu mzima asiye na mke, anayeishi na mama yake karibu na reli. Hakuwa na adui. Watoto wa mtaani walimpenda kwa sababu alipopanda nguzo aliwaigizia kunguru.

Ijumaa moja ya Desemba, theluji ikianguka, msimamizi wake Haskell alikwenda naye akate umeme kwenye jengo la zamani la Mtaa wa Vine, ambalo meya alitaka libomolewe.

"Wapangaji wameshahama wote?" Kaz aliuliza.

"Hata panya wamehama, Dombek. Kata twende zetu, baridi hii itaniua."

Kaz alikata. Ndani ya lifti, katikati ya ghorofa ya tano na ya sita, kulikuwa na mzee mmoja na mjukuu wake, waliorudi kuchukua paka. Jumatatu wabomoaji waliwakuta. Mzee alikuwa amemvika mtoto koti lake na viatu vyake, lakini baridi ya Calder haijui huruma.

Mji ukachachamaa. Haskell alisimama mbele ya waandishi wa habari, kofia mkononi, macho mekundu. "Nilimwambia akague kwanza," akasema. "Nilimsisitizia." Kaz alieleza ukweli kwa polisi, kwa kampuni, kwa kila aliyesimama kumsikiliza. Wapi! Neno la msimamizi lilikuwa limetangulia. Kazi ikaota mbawa. Gazeti moja likamchora ana mashimo meusi mahali pa macho, vidole vyake vimekuwa nyaya, na chini yake wakaandika: Bwana Giza.

Jina likamganda kama kupe. Sokoni watu walimpisha. Watoto wale wale wa kunguru wakawa wanamfuata wakiimba, "Bwana Giza, zima taa, tufe!"

Hayo aliyavumilia. Kilichomvunja kilitokea mezani kwao, kwenye supu ya kabichi. Mama yake aliweka kijiko chini.

"Kazimierz, mwanangu. Niambie mimi tu. Uliwasikia wakigonga?"

"Mama!"

"Sitamwambia mtu. Uliwasikia?"

Alimtazama mama yake usoni akatafuta hata chembe ya shaka ya kumtetea. Hakuiona. Akavaa koti akatoka, na supu yake ikapoa pale pale.

Machi, Haskell alipandishwa cheo, na meya akamwalika kwenye tafrija katika ukumbi mkubwa wa mjini. Kaz alisoma habari hiyo kwenye gazeti lililofungiwa samaki. Jioni ya tafrija, jua likiwa ndio kwanza limezama, alivunja kufuli la kituo cha umeme nyuma ya ukumbi akaingia. Alivuta swichi kubwa, kisha akaiharibu ya akiba.

Muziki ulikatika. Kwanza watu walicheka, wakapiga miluzi. Halafu mtu akapiga kelele, "Moto!" ingawa moto haukuwepo, na mamia wakakimbilia ngazi moja.

Kaz alisimama nje akisikiliza. Mwanamke mmoja akatoka akijikokota, gauni limechanika, damu inamtiririka sikioni. Akamshika mkono.

"Kaka, una taa? Mume wangu yuko pale ngazini, wanamkanyaga! Nimulikie tu nimwone, tafadhali!"

Tochi ilikuwa mfukoni. Kaz aliitoa, na kwa kitambo kidogo mkono wake ulielekea mlangoni, kama mkono wa fundi yeyote mwema. Kisha akaugeuza, akammulika mwanamke usoni. Alitaka kuona. Alitazama jinsi hofu inavyokaa machoni mwa mtu anayemtegemea yeye peke yake, na kifua chake kilichobanwa tangu Desemba kikafunguka.

Akazima tochi.

"Kaka? Kaka, uko wapi?"

Kaz aliondoka taratibu, hatua za mtu anayetoka matembezini.

Walikufa kumi na mmoja, mume wa yule mwanamke akiwemo. Asubuhi Kaz alisoma majina yao akiwa kwenye mkahawa wa wageni upande wa pili wa mto, akila mayai. Jina la Haskell halikuwemo. Haskell alikuwa na mafua; hakukanyaga ukumbini.

Kaz alisubiri uchungu uje. Haukuja. Akamwita mhudumu, akaomba aongezewe kahawa.