Maji ya Mjukuu Wangu

Mimi ni mtu wa kusema, na mwezi ule nilisema mpaka mdomo ukachoka. Mjukuu wangu alikuwa anaharisha kwa mara ya tatu, macho yameingia ndani, nami mchawi wake nilimjua: uvivu wa mama yake. Zahanati walishatangaza kwamba kisima chetu kina vijidudu, maji ya kunywa yachemshwe. Nilimweleza kila jirani mwenye masikio kwamba mkwe wangu anayapasha moto tu, kisha anaepua.

Yeye alinifahamisha tu, kwa heshima zote, kwamba Jumamosi atamchukua mtoto akamuuguzie kwao. Niliumia sana. Mwanangu yuko mbali kikazi, na nyumba hii bila mtoto huyo ni ghala tupu.

Jumanne muuguzi wa zahanati akaja, viatu vimejaa matope. Hakutaka maelezo, alitaka kuona maji yanavyoandaliwa tangu mwanzo. Mkwe wangu akawasha moto. Sufuria ikatokota, mfuniko ukarukaruka, akasubiri, akaepua. Nilitafuta kasoro nikaikosa. Mtoto akaanza kulilia maji, basi nikanyanyuka nimwonyeshe mgeni kazi ya bibi. Nilimimina maji ya moto nusu kikombe, nikachota ya mtungini, nikayapoza yasimchome mjukuu wangu.

Muuguzi akanishika mkono kabla kikombe hakijafika kinywani.

"Bibi, haya ya mtungini yamechemshwa?"

Nilitaka kumjibu kwa ukali, lakini nikautazama mtungi. Mtungi ule naujaza mwenyewe kila asubuhi, moja kwa moja kutoka kisimani. Mwezi mzima nilikuwa nikimnywesha mtoto ugonjwa kwa mkono wangu, huku nikimsema mama yake. Nililia mbele ya mgeni bila kujificha.

"Mwanangu, ni mimi," nilimwambia mkwe wangu. "Si wewe. Na majirani nitawaambia hivyo hivyo."

Nilipita nyumba kwa nyumba. Kazi hiyo ilinichukua siku nzima, maana umbea wangu ulikuwa umefika mbali.

Ijumaa mtoto alimaliza uji wake akadai mwingine. Hata hivyo Jumamosi niliamka mapema, nikakaa jikoni nikingoja kusikia mizigo ikifungwa. Mkwe wangu akatokea na jembe begani, sufuria mkononi.

"Mama, leo nitachelewa shambani," akasema. "Maji ya mtoto chemsha wewe."

Nikaipokea sufuria kwa mikono miwili.