Eda ya Profesa

Mimi mwenyewe ndiye niliyewaambia, na hilo linaniuma kuliko joto la nyumba hii.

Nimefundisha saikolojia Nairobi hadi mvi zikanitoka, na utafiti wangu ulikuwa mmoja tu: jinsi mja anavyomshika Mola wake kama mtoto anavyomshika mamake. Niliwahoji wajane wa Lamu, kisha nikaenda redioni nikatangaza kwa madaha kwamba eda si kifungo, ni kupakatwa. Nikasifiwa, nikavimba kichwa.

Sasa mume wangu Mahmud amefariki, Mungu amrehemu, nami nakaa eda nyumbani kwao hapa Lamu. Sijipaki manukato wala wanja, na nje sitoki mpaka miezi minne na siku kumi itimie. Jana ikaja simu kutoka kisiwa cha Pate: mamangu mgonjwa, hali chakula, ananiulizia.

"Niache niende nimuone tu," nikamwambia mavyaa wangu, Bi Raihana, mamake Mahmud. "Dharura inaruhusiwa."

"Mamako ana nduguyo Fairuz wa kumuuguza. Dharura ni ya asiye na mtu." Akaendelea kuchambua mchele wake. "Na weye ndiwe ulosema eda ni kupakatwa. Mwana akipakatwa huruka?"

Laiti ningeweza kuimeza ile redio! Niliingia chumbani nikalia kwa hasira, si kwa huzuni. Asubuhi nikavaa buibui. Liwalo na liwe. Bi Raihana akaniona nikishuka ngazi, akageuza uso. Nilipofika mlangoni nikampigia mama nimwambie naja.

"Usiye, mwanangu," akasema kwa sauti nyembamba. "Siku ile ya redio niliwaita wake wa mtaa wote wakusikize. Ukitoka yeo, n'tawambia n'ni?"

"Waambie nilikosea."

"Hukukosea. Usin'aibishe."

Mkono wangu ulikuwa kwenye komeo. Nilijua nikilivuta nitamvunjia kitu cha pekee anachojivunia.

"Na wewe, mama, nani anakupakata?"

"Mngu yupo," akajibu bila kusita. Jibu hilo nimelikusanya kwa wajane maisha yangu yote, na kila mara nililifurahia. Kisha akakohoa, akavuta pumzi.

"Ila usikate simu."

Sijakata. Nimeketi chini nyuma ya mlango, na buibui langu mwilini, namsikiliza akipumua, na chaji inakwisha.