Alama ya Mguu wa Kuku

Karani wa nishani alilisukuma faili la mama yangu upande wangu kwa kidole kimoja, kama mtu anayesogeza sahani yenye mabaki.

"Ishirini na miwili," alisema. "Nishani ya Utumishi inataka miaka thelathini mfululizo. Mama yako ana ishirini na miwili."

"Mama yangu alikuwa dobi wa hospitali ya serikali kwa miaka arobaini na mmoja."

"Humu ana ishirini na miwili. Kabla ya hapo alikuwa kibarua. Kibarua anahesabika, sikatai, lakini daftari za vibarua ziliharibika stoo ilipoingia maji."

"Kwa hiyo maji yaliingia stoo yakamfua dobi?"

Alitaka kucheka, akakumbuka yuko ofisini. "Dada, usinigombeze mimi. Kanuni inakubali ushahidi mwingine. Leta maandishi au kitu chochote cha hospitali kinachoonyesha alikuwa kazini mwaka hadi mwaka. Unahitaji miaka minane tu, kuanzia tisini mpaka tisini na saba. Kamati inakaa Ijumaa saa nne."

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Akufukuzaye hakwambii toka. Hukwambia nenda kalete ushahidi. Lakini mimi ni mtunza stoo wa shule ya sekondari, na nina stashahada ya kazi hiyo. Nikiambiwa kitu hakipo, swali langu ni moja: kilionekana wapi mara ya mwisho?

Nyumbani nilimkuta Mama akipiga pasi sare za wanangu. Mtaa mzima unamwita Mama Pasi. Alistaafu miaka mitano iliyopita, lakini ukimwachia kitambaa chenye mkunjo anakitazama kama mtu aliyetukanwa.

"Wamesemaje?" aliuliza bila kuinua macho.

"Wanasema una miaka ishirini na miwili."

Akageuza kola, akaipitisha pasi. "Basi. Achana nao. Mashuka nilifua, wagonjwa walilala. Hiyo nishani atailalia nani?"

Ningemwamini, kama si msumari. Wiki mbili kabla, siku niliyojaza fomu yake, alikuwa ameomba nyundo kwa jirani akapigilia msumari mmoja sebuleni, juu ya redio. Nilipomuuliza ni wa nini, alisema wa kalenda. Nyumba yetu ina kalenda moja, nayo iko jikoni.

"Mama," nikasema, "ile alama yako ya mashuka ulikuwa unaishona kila mwaka?"

"Kila Januari. Kwani hukumbuki?"

Nilikumbuka. Mashuka mapya yalipofika, kila dobi alipewa fungu lake na kidonge cha uzi mwekundu. Kwenye kona ya shuka alishona namba ya wodi, tarakimu mbili za mwaka, na alama yake mwenyewe. Ilikuwa amri ya metroni: shuka likiungua, aliyeliunguza ajulikane. Madobi walikuwa wanne. Mmoja alishona duara, mmoja msalaba, mmoja ngazi. Mama alishona mishono mitatu iliyotawanyika kutoka sehemu moja, mguu wa kuku, kwa sababu wenzake walimtania kwamba anachakura nguo chafu kama kuku jalalani.

"Mashuka hayo yako wapi sasa?"

"Yako wapi! Yamekuwa matambara, mwanangu. Shuka halistaafu, linapunguzwa cheo."

*

Jumanne niliomba ruhusa kazini nikaenda hospitali. Mtunza stoo wa pale ni mzee mwembamba aliyebakiza mwaka mmoja astaafu. Wanamwita Bwana Hakuna, kwa sababu hilo ndilo jibu lake kwa kila mtu, kuanzia daktari mkuu hadi mfagizi.

"Mashuka ya miaka ya tisini? Hakuna."

"Sitaki mashuka. Nataka matambara."

Alivua miwani. "Matambara? Aa, matambara yapo."

Tukaanza. Tambara la mwaka wa tisini lilikuwa pazia la kibanda cha mlinzi. Mlinzi alikataa katakata kulitoa mpaka nilipomletea pazia jingine, na hilo jingine alilichagua rangi. La tisini na moja na la tisini na tano yalikuwa karakana, yamefunika mbao za seremala, yamejaa gundi hadi yanasimama yenyewe. La tisini na mbili lilikuwa ndani ya ndoo ya wasafisha madirisha. La tisini na sita dereva wa gari la wagonjwa alikuwa amelikalia miaka na miaka. Aliposimama nikalitazama, nikaamua kulibeba kwa ncha za vidole.

Jumatano nililipata la tisini na saba, limeviringishwa kwenye bomba la maji ya moto. La tisini na nne lilikuwa chini kabisa ya uvungu wa meza ya karakana, nikaingia kwa tumbo. Nikatoka na utando wa buibui kichwani na kitambaa mkononi. Bwana Hakuna alikipeleka dirishani, akasafisha kona kwa mate na kidole gumba. Mguu wa kuku ukatokea, mwekundu bado.

"Mama yako alikuwa anashona kwa hasira," alisema.

"Bado ana hizo hasira. Sasa niandikie barua kwamba vitambaa hivi ni vya hospitali. Piga na muhuri."

Aliandika. Mtunza stoo hamnyimi mwenzake muhuri.

"Umebaki mwaka mmoja," nikasema. "Tisini na tatu."

"Hakuna. Na leo nikisema hakuna, hakuna kweli. Mwaka ule ulikuwa wa kipindupindu. Mashuka yote mapya yalipelekwa wodi za kutengwa, na kilichoingia kule kilichomwa moto. Niliusimamia mwenyewe ule moto, siku tatu."

Alhamisi nilirudi tena, nikapekua mpaka sanduku la mashine ya kushonea. Hapakuwa na kitu. Miaka saba si minane, na karani yule hakuwa mtu wa kukadiria.

*

Nilifika nyumbani saa kumi, nimechoka, nikaanza kuanua nguo kambani ili mikono ifanye kitu. Kati ya nguo kulikuwa na shuka la mtoto wangu wa mwisho, jeupe, limelainika kama unga. Ni shuka la ukoo. Mimi nilifunikwa nalo nikiwa mchanga, wanangu watatu wamefunikwa nalo, na wote, mmoja baada ya mwingine, walipenda kunyonya kona ileile kwa sababu ni nene kuliko zile nyingine tatu.

Nikasimama na kona ile mkononi. Mimi nimezaliwa mwaka wa tisini na tatu.

Niliingia ndani, nikachukua wembe, nikakaa kitandani. Pindo la kona lilikuwa limekunjwa mara mbili na kushonwa kwa uzi mweupe, mishono midogo, ya mtu anayeijua kazi yake. Nilikata mmoja, wa pili, wa kumi. Nikafungua.

Wodi ya tatu. Tisini na tatu. Mguu wa kuku, mwekundu kana kwamba umeshonwa asubuhi ile.

"Rudishia uzi wangu," alisema Mama. Alikuwa mlangoni.

"Mama, huu ndio mwaka wa nane!"

"Nimeona. Rudishia."

Alikuja akaketi kando yangu, akalichukua shuka, akalipakata. Alizungumza kama anayesoma orodha ya dukani.

"Nilikuzaa katikati ya kile kipindupindu. Mgonjwa mmoja akagundulika wodi ya wazazi, wakakusanya nguo zetu zote wakachoma. Kesho yake wakaniambia nenda nyumbani. Nikutoe nje uchi? Nikapita chumba cha kufulia, nikachukua moja katika yale niliyoyashona mwenyewe. Nilisema nitalirudisha nikirudi kazini. Nikachelewa wiki, nikachelewa mwezi. Kisha nikaona kulirudisha ni aibu kuliko kulichukua. Nikaifunika alama."

"Ni shuka moja tu, Mama."

"Tena jipya. Na kwenye ile fomu, swali la saba linauliza kama nimewahi kutwaa mali ya serikali. Ulijaza nini?"

Nilikuwa nimejaza "hapana", harakaharaka, huku ugali unaiva. Sikumwuliza. Nani anamwuliza Mama Pasi kama ni mwizi?

"Tuseme tumelikuta karakana," nikasema. "Bwana Hakuna atatuandikia."

Alinigeukia. "Shuka nililichukua. Sitachukua na uongo juu yake. Na wewe, na stashahada yako, unataka kumwingiza mzee wa watu kwenye matatizo amebakiza mwaka mmoja?"

Kupitia mlango, sote wawili tuliutazama msumari mtupu ulio juu ya redio sebuleni.

"Basi tuache," nikasema.

"Nani amesema tuache?" Akainuka na shuka lake. "Niwekee maji ya moto."

*

Ijumaa saa nne kasorobo tulikuwa kwenye benchi la nje ya chumba cha kamati. Mimi nilikuwa na mfuko wa matambara na barua. Mama alikuwa na shuka, limefuliwa, limetiwa wanga, limepigwa pasi na kukunjwa mara nne kihospitali, kona yenye alama ikiwa juu.

Ndani walikuwa watatu: mwenyekiti, ambaye ni mwalimu mkuu mstaafu, mjumbe mmoja kijana mwenye tai nyekundu, na karani wetu. Niliyapanga matambara mezani kwa mwaka. Mjumbe mwenye tai alisogeza kiti nyuma lilipofika lile la dereva. Mwenyekiti aliinama, akalinganisha mishono mmoja mmoja, akaisoma barua ya Bwana Hakuna na kuutazama muhuri.

"Hii ni saba," alisema. "Tisini na tatu iko wapi?"

Mama alisimama, akaliweka shuka mezani, akalinyoosha kwa kiganja.

"Nimekuja kurudisha hili. Nililichukua hospitali mwaka huo, bila ruhusa, nimfunike huyu hapa. Na pale kwenye swali la saba futeni 'hapana', andikeni 'ndiyo'. Aliyejaza hakujua."

Karani akainua kichwa. "Mama, ukisema hivyo..."

"Nimeshasema."

"Wizi ni wizi," alisema mwenye tai. "Nishani hatuwezi kumpa mtu aliyeiba."

"Kweli kabisa, mwanangu," Mama alimjibu. "Lakini kabla ya hayo nataka stakabadhi."

"Stakabadhi ya nini?"

"Ya shuka. Mali ya serikali hairudishwi mikono mitupu. Kuna karatasi yake."

Mwenyekiti alimtazama karani, karani akatoa kitabu cha stakabadhi. Mama akasimama nyuma ya bega lake kumsimamia. "Shuka moja, jeupe. Hali, zima. Usiandike chakavu, lishike kwanza. Je, ni chakavu? Haya. Alama, wodi ya tatu, tisini na tatu, mguu wa kuku."

Kalamu ya karani ikasimama. Aliyatazama yale matambara saba, akalitazama shuka, akarudi kwenye kitabu.

"Mheshimiwa mwenyekiti," alisema polepole, "kama alilichukua chumba cha kufulia mwaka huo, katika yale aliyoyashona mwenyewe, basi mwaka huo alikuwa kazini."

Mwenye tai akagonga fomu kwa kidole.

"Na swali la saba?" aliuliza.

Mwenyekiti alivuta fomu. "Chini yake kuna mistari mitatu ya maelezo. Nimekaa kwenye kamati hii miaka sita, sijawahi kuona mtu ameitumia. Wote tunaowapa nishani ni malaika." Akamwelekea Mama. "Mama, haya maelezo uliyotupa, uko tayari yaandikwe? Faili hili litasomwa na wakubwa."

"Yaandikwe kwa wino," Mama alisema.

Wakapiga kura. Mikono miwili ilipanda mara moja. Wa tatu ulipanda ukichelewa, ukirekebisha tai njiani.

*

Nishani ilitolewa miezi miwili baadaye, kwenye ukumbi uliojaa, majina yakisomwa haraka kama orodha ya mahudhurio. Mkubwa mmoja alimpa Mama mkono na cheti, akampachika nishani kifuani. Nilipiga makofi hadi viganja vikawaka, na Bwana Hakuna, aliyekaa safu ya nyuma, akapiga mluzi ambao hakuna aliyeutegemea.

Tulipofika nyumbani, Mama hakukaa. Aliivua nishani, akaitazama upande huu na huu.

"Utepe una mikunjo," alisema, akawasha pasi, moto mdogo, kitambaa chenye unyevu juu yake. Ulipotoka hapo ulikuwa umenyooka kuliko tai ya yule mjumbe.

Kisha akachukua cheti, akakitundika kwenye msumari juu ya redio, akarudi nyuma hatua mbili kukisoma. Alikisoma mara mbili.

"Wameandika thelathini."

"Ndiyo, Mama. Ndiyo iliyotakiwa."

"Mimi nimefanya kazi arobaini na mmoja." Alikinyoosha cheti kidogo upande wa kushoto. "Bado kumi na mmoja. Huyo Bwana Hakuna anastaafu lini?"

"Mwezi wa sita."

"Basi Jumatatu twende," alisema. "Na safari hii uvunguni naingia mwenyewe. Wewe hujui kuchakura."